Kinachobeba na Kinachobebwa: Pikipiki na Guta Kwenye Mwalo wa Katonga

Ukimuuliza mwenye pikipiki wa Kigoma ni nini kimeua chombo chake, jibu analo mdomoni: barabara. Vilima, vumbi jekundu, makorongo ya masika. Jibu hilo si la uongo, lakini kaa nusu siku karibu na fundi anayefungua vitovu vya magurudumu, utaanza kulitilia shaka. Beringi iliyoliwa na kutu haikuliwa na kilima. Usukani uliopinda upande mmoja haukupindwa na vumbi. Tenki lililobonyea ubavuni, eksozi iliyochomoka kwenye shingo yake, betri iliyomwaga tindikali juu ya nyaya: hayo yote hutokea pikipiki ikiwa haiendi popote kwa nguvu zake yenyewe. Ilikuwa inaoshwa, au inapakiwa, au imelazwa ndani ya boti.

Katonga ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili. Ni makazi ya wavuvi upande wa kusini wa mji wa Kigoma. Dagaa na migebuka hushuka hapo alfajiri, na kilichoshuka lazima kipande vilima kwenda Mwanga sokoni, Ujiji au stendi ya mabasi. Mzunguko mwingine unakwenda kinyume: boti zinazoondoka Kibirizi na Ujiji kuelekea vijiji vya mwambao, ambako barabara ni chache na mvua huzikata, hupakia saruji, soda, magodoro na pikipiki. Chombo kinachobeba leo kinaweza kesho kikawa mzigo. Hoja yangu ni kwamba matunzo na usafirishaji wa chombo kama hiki ni swali moja, na anayeyatenganisha hulipa mara mbili.

Kwingineko duniani chombo cha kwenda popote ni pikipiki ya magurudumu manne yenye matairi manene, aina ambayo watalii wa Zanzibar hukodishiwa kuzunguka nayo mashambani. Kigoma kazi hiyo inafanywa na pikipiki ya kawaida ya cc 100 hadi 150, Boxer au TVS au ndugu zao wa Kichina, pamoja na guta, yaani pikipiki ya magurudumu matatu yenye bodi la mizigo nyuma. Mwenye ya magurudumu manne naye atakuta humu yanayomhusu. Beringi ni beringi.

Guta nalo lina ukoo wenye mafunzo. Mwaka 1970 kampuni ya Honda ilianza kuuza Marekani kidude cha magurudumu matatu chenye matairi kama maputo, kikiitwa US90. Kilipendwa sana. Kampuni nyingine zikafuata, na muongo uliofuata ulipoingia, madaktari wa huko walikuwa wakipokea watoto na vijana waliopinduka navyo. Mwaka 1988 watengenezaji wakubwa walikubaliana na serikali ya Marekani, mbele ya mahakama, kuacha kuuza vipya vya magurudumu matatu. Vya magurudumu manne vikabaki sokoni.

Tatizo lilikuwa kwenye umbo, na umbo halibadiliki kwa kuvuka bahari. Unganisha magurudumu ya guta kwa mistari mitatu chini ardhini: unapata pembetatu, ncha mbele na msingi nyuma. Uzito wote, wa chombo, dereva na mzigo, una mahali pamoja ambapo unaweza kusema umejikusanya. Mahali hapo pakibaki juu ya pembetatu, guta limesimama. Pakitoka nje ya mstari, linalala. Ukishika breki huku unakata kona, uzito husukumwa mbele na pembeni, kule kule ambako pembetatu imekonda. Gari la magurudumu manne lina mguu pale. Guta halina kitu.

Sasa tia dagaa. Dagaa mkavu ni mwepesi, kwa hiyo mpakiaji hupandisha viroba mpaka vimpite dereva kichwa, na mara nyingine kijana akapanda juu yake ili avishikilie. Kilo si nyingi, lakini kimo ni kikubwa, na guta huogopa kimo kuliko kilo. Samaki wabichi wenye barafu ni kinyume chake. Wako chini na ni wazito, jambo ambalo lingefaa, ila barafu ikishaanza kuyeyuka maji hukimbia ndani ya pipa kutoka ubavu hadi ubavu, na maji hayangoji kona iishe. Pipa lililojaa pomoni ni salama kuliko lililojaa nusu, na pipa lenye tundu la kutolea maji ni salama kuliko yote mawili, mradi maji hayo yasimwagikie chini ya bodi. Nitaeleza kwa nini.

Kwenye kupanda kilima kuna kosa jingine, la kurundika mzigo nyuma ya ekseli. Gurudumu la mbele linakuwa jepesi, usukani unageuka bila chombo kugeuka. Mzigo mzito ukae mbele ya ekseli ya nyuma au juu yake, chini kabisa ya bodi. Kushuka ni kwa gia ile ile ambayo ungepandia. Wapo wanaozima injini na kutoa gia mteremkoni ili kuokoa mafuta. Wanachookoa ni vijiko vichache vya petroli, na wanachopoteza ni breki ya injini, huku breki za ngoma zikiachiwa peke yao tani nzima ya bidhaa mpaka zinapata moto na kulegea.

Nirudi kwenye maji, maana hapo ndipo imani nyingi zimelala. Maji ya Tanganyika si ya chumvi kama ya Tanga au Bagamoyo. Ni maji baridi, yenye magadi kiasi, ambayo watu wa ufukweni wamepikia na kufulia miaka yote. Ndiyo maana ni rahisi kuamini kuwa kuingiza pikipiki ziwani hadi kwenye vitovu na kuipiga sabuni hakuna hasara.

Hasara ya kwanza haionekani. Pikipiki iliyotoka kupanda na kushuka vilima ina joto kwenye injini, kwenye breki na kwenye vitovu vya magurudumu, na hewa iliyo ndani ya kitovu imetanuka. Kitumbukize ghafla kwenye maji ya baridi: hewa inasinyaa, na inaposinyaa inavuta kilichoko mlangoni, nacho ni maji pamoja na mchanga mwororo. Sili ya mpira pale iliwekwa kuzuia matope na matone. Kuzuia mvuto unaotoka ndani si kazi yake. Siku hiyo husikii chochote. Wiki kadhaa baadaye gurudumu linaanza kuimba, dereva anasema barabara imeharibu beringi, na kila mtu anakubali. Kwenye pikipiki ya magurudumu manne kadhia hii ni kubwa zaidi, kwa kuwa vitovu ni vinne na nyingi zina difu ambayo nayo hupumua kupitia kibomba chake. Guta lenye difu ni vilevile: kibomba hicho kikiziba au kikizama, oili ya difu huchanganyika na maji bila kelele.

Hasara ya pili inatokana na chumvi. Chumvi ipo Katonga, ila haimo ziwani. Imo kwenye samaki waliotiwa chumvi na katika maji yanayochuruzika kutoka kwenye matenga yao. Watu wa ukanda huu walichemsha chumvi ya Uvinza zaidi ya miaka elfu moja kabla ya reli kufika Kigoma mwaka 1914, kwa hiyo hakuna haja ya kuwafundisha nguvu yake juu ya nyama. Nguvu yake juu ya chuma ndiyo inayosahauliwa. Maji ya samaki yenye chumvi na utelezi hukaa kwenye mikunjo ya bodi la guta, chini ya karatasi ya nailoni, kwenye vichwa vya bolti na kwenye waya wa ardhi wa betri. Yakikauka hayaondoki, yanasubiri umande. Bodi hutoboka kutoka chini kwenda juu, na mwenyewe hulitazama kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo hao wawili hukutana siku sakafu inapoachia kiroba.

Kwa hiyo chombo kioshwe, tena kila siku ya kazi, ila si pale na si namna ile. Kiache kipoe hadi uweze kuweka kiganja kwenye kitovu bila kukiondoa. Tumia ndoo na brashi, anza chini ya bodi, kwenye chesisi na nyuma ya magurudumu, malizia na tenki ambalo kila mtu hulianza. Mashine ya kusukuma maji kwa nguvu isielekezwe kwenye vitovu, kwenye cheni wala kwenye nyaya. Halafu kizungushe kidogo huku unagusa breki ili zikauke, kabla hujaukabili mteremko.

Na kwa nini si pale? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imetenga mita 60 kutoka ukingo wa ziwa na kukataza ndani yake shughuli za kudumu au zile zinazoweza kuuharibu ufuko. Kuosha vyombo vya moto na kumwaga oili chafu mchangani kunaingia humo bila kuhitaji wakili. Binafsi naona hoja ya tumbo ina nguvu kuliko ya sheria: dagaa anayelipa hesabu ya guta ndiye anayeogelea katika oili yake.

Mchanga ni adui mwenye subira zaidi ya maji. Mtazame kwenye cheni. Desturi ni kuipaka oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini, kwa kuwa ni ya bure. Kwenye lami pasingekuwa na neno kubwa. Kwenye ufuko, oili ile nzito hushika kila chembe ya mchanga, na cheni inakuwa msasa unaozunguka. Sproketi inasagwa mpaka meno yake yanachongoka kama ya papa. Afadhali cheni ioshwe kwa mafuta ya taa na brashi, ifutwe ikauke, kisha ipakwe oili safi kidogo upande wa ndani na ya ziada ifutwe. Iwe na mchezo wa sentimita mbili hadi tatu, uliopimwa mtu akiwa amekaa juu ya pikipiki. Ikikazwa kama uzi wa gitaa, mzigo ukipanda inavuta ekseli na kuvunja beringi za sproketi.

Chujio la hewa nalo lina kisa chake. Injini ikikosa nguvu mlimani, wapo wanaolitoa "ili ipate pumzi". Inaipata kweli, pamoja na vumbi la Kigoma zima, na vumbi hilo linakwangua silinda hadi eksozi inaanza kutoa moshi wa buluu. Chujio la sponji huoshwa kwa sabuni, hukamuliwa bila kusokotwa, hukaushwa kivulini na kutiwa oili kidogo. Kazi ya nusu saa. Oili ya injini yenyewe ipimwe kila asubuhi chombo kikiwa wima kwenye ardhi tambarare, kwa sababu injini ndogo hizi hubeba takriban lita moja tu. Gari likipoteza robo lita halina habari. Pikipiki imepoteza robo ya damu yake.

Juu ya upepo wa matairi sina mengi. Kipimo kimebandikwa kwenye chombo au kimo kwenye kijitabu chake. Kidole gumba si kipimo. Matairi manene ya magurudumu manne hutaka upepo mdogo ajabu, mara nyingi kati ya psi 4 na 7, na anayeyajaza kama ya pikipiki anapata chombo kinachodunda kama mpira.

Sasa pikipiki inageuka mzigo. Boti imesogezwa ufukweni, pua yake juu ya mchanga, ubao umewekwa, na ubao huo umelowa maji na magamba ya samaki. Jambo la kwanza: asipande mtu ubao huo akiendesha. Injini izimwe, ipoe, kwa kuwa eksozi ya moto na mashavu ya miguu ya makuli hukutana kila siku. Watu wanne wanatosha, wawili mbele na wawili nyuma, na ni lazima wajue pa kushika: miguu ya shokapu za mbele, fremu chini ya kiti, mkono wa gurudumu la nyuma. Anayeshika madigadi, taa, kioo au eksozi ananunua spea asiyoilipia yeye. Anayetia vidole kati ya spoki ana hatari ya kuviacha humo. Kama ni ubao, uwe na vipande vya mbao vilivyopigiliwa kukingama ili mguu upate pa kukanyaga, na urefu wake uwe mara tatu au nne ya kimo unachopanda.

Ndani ya boti, kosa kubwa ni kuilaza. Lina mantiki yake: kilicholala hakianguki. Lakini injini ya pikipiki imeundwa kusimama. Ikilala, petroli hupenya kwenye mfuniko wa tenki na kutoka kwenye kabureta. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupandi juu na kuondoka kama moshi wa jiko. Unashuka chini ya mbao za sakafu na kukaa huko pamoja na maji yaliyokusanyika, ukingoja kiberiti cha mvutaji sigara au cheche ya injini ya boti. Oili nayo huhama kupitia bomba la kupumulia hadi kwenye nyumba ya chujio, na nyingine huweza kuingia juu ya pistoni. Betri ya maji humwaga tindikali. Mtu akishuka kijijini akaisimamisha na kuipiga kiki palepale, anaweza kupinda kilicho ndani. Kama kwa sababu yoyote imelazwa, isimamishwe na kuachwa nusu saa, plagi itolewe, kiki ipigwe mara kadhaa ili kilichoingia kitoke, oili ipimwe upya, ndipo iwashwe.

Namna bora ni kuisimamisha juu ya mkuku, katikati ya upana wa boti, chini kadiri inavyowezekana, ikitazama mbele. Kabla ya kuipakia, funga koki ya mafuta na iache injini ijizime yenyewe kwa kukosa petroli, ili kabureta ibaki tupu. Tenki liwe na mafuta kidogo tu. Ikiwekwa, iingizwe gia ya kwanza, ufunguo utolewe. Stendi ya pembeni ikunjwe. Mzigo wote wa wimbi moja juu ya kijiti hicho unatosha kutoboa ubao au kukivunja. Kamba nne: mbili za mbele zishike chini ya usukani, pale unapoungana na miguu ya shokapu, wala si kwenye mipini, na zishuke moja kila upande kwenda mbele na nje; mbili za nyuma zishike fremu. Kaza mpaka shokapu za mbele zishuke kama nusu ya mwendo wake, basi. Ukizikandamiza hadi mwisho, sili zake zitalia oili kabla hujafika.

Kamba yenyewe ni suala. Mipira iliyokatwa kutoka kwenye tyubu, ambayo kila bodaboda anayo, inafaa kwa kiroba cha unga. Kwa pikipiki haifai, kwa sababu inaachia inapovutwa, na pikipiki inayoruhusiwa kucheza kidogo itacheza sana. Kamba ya nailoni ikilowa hurefuka. Ya katani ikilowa husinyaa na kujikaza, jambo jema mpaka ikauke. Mkanda wenye kikazio cha chuma ni bora kuliko zote. Uwe nao au usiwe nao, rudi ukague baada ya mwendo wa kwanza, na asiruhusiwe abiria kuigeuza pikipiki kiti.

Nahodha ana hesabu yake pia. Boxer moja ina uzito wa karibu kilo 120, sawa na abiria wawili wembamba, lakini abiria wawili wakiambiwa wasihame husikia. Uzito unaohama ndio unaopindua. Septemba 20, 2018, kivuko MV Nyerere kilichoidhinishwa kubeba watu 101 kilipinduka karibu na gati la Ukara, Ziwa Victoria, kikiwa kimejaza watu na mizigo, na zaidi ya watu 200 wakafa mbele ya macho ya waliokuwa wakiwasubiri. Sasa TASAC, shirika la uwakala wa meli, ndiyo yenye dhamana ya usalama wa vyombo majini, na jaketi okozi zinatajwa kila mahali. Tanganyika ina urefu wa kilomita zaidi ya 670 na kina kinachofika mita 1,470, na kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini hupata nafasi ya kuikimbia kilomita hizo bila kizuizi. Pikipiki iliyofungwa vibaya ndani ya boti ndogo, siku ya upepo, inahatarisha maisha ya wote waliomo, mwenye mali na asiye na mali.

Guta zima ndani ya boti ya abiria silikubali kabisa. Livuliwe bodi na lipelekwe kwa vipande, au lisubiri meli yenye winchi. Kwenye Fuso au behewa mambo ni mepesi zaidi, kanuni zikiwa zilezile: wima, kamba nne, mafuta kidogo tu tenkini, na kitu laini kati ya chuma na chuma.

Na ikitumbukia? Usiiwashe. Maji hayabanwi kama hewa. Pistoni ikiyakuta ndani ya silinda, kinachopinda ni mkono wake. Plagi itolewe, maji yamwagwe kwa kiki, tenki na kabureta vikaushwe, oili imwagwe. Oili mpya itiwe, injini iende dakika chache, imwagwe tena, mpaka itoke bila rangi ya chai ya maziwa. Vitovu vifunguliwe wiki hiyohiyo.

Swali linalobaki ni lini kazi hii yote ifanyike, maana bodaboda atakuambia hana siku. Katonga anayo. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi unapokuwa mpevu taa hazina kazi, na wavuvi hupumzika siku kadhaa. Siku hizo mizigo hupungua, na guta halina cha kubeba. Ni kalenda ya matunzo iliyotundikwa angani, na inajirudia kila mwezi bila kuhitaji semina. Mwaka 2024 ilikuja na pumziko refu zaidi: upande wa Tanzania, ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Chombo kinachokaa miezi mitatu kinahitaji maandalizi ya peke yake. Petroli itolewe kwenye kabureta, kwa kuwa ikizeeka huacha gundi kwenye vitundu vyake. Betri iondolewe na kuchajiwa mara kwa mara. Chombo kiegeshwe juu ya stendi ya kati au matofali ili matairi yasibebe, na kila chuma kilicho wazi kipakwe grisi.

Kuhusu grisi, Kigoma ina ushahidi ambao hakuna gereji duniani inayoweza kuushinda. Meli Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikaletwa vipandevipande ndani ya maelfu ya masanduku na kuunganishwa upya Kigoma. Wajerumani walipozidiwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Julai 1916, waliizamisha wenyewe, lakini mafundi wake walizipaka injini grisi nzito kabla ya kuiachia maji. Ilikaa chini ya ziwa kwa miaka kadhaa. Ilipoibuliwa mwaka 1924, mitambo ilikuwa bado na uhai, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Miaka kadhaa majini, na grisi ikashinda. Kitovu cha guta kinaomba kijiko kimoja.

Kwa nini basi hakipewi? Nadhani jibu liko kwenye mkataba kuliko kwenye ujinga. Kijana anayeendesha kwa hesabu humpelekea bosi kiasi kilekile kila jioni, chombo kiwe kizima au kigonjwa. Saa moja ya kukagua cheni ni saa yake, beringi ni ya bosi, na kesho anaweza kunyang'anywa ufunguo. Bosi naye huiona pikipiki ikiwa imesimama mbele ya nyumba, inang'aa kwa maji ya ziwa. Aliyeichukua kwa mkataba wa kulipa kidogokidogo hadi iwe yake hutenda tofauti: huyo utamkuta na brashi. Sheria za usajili na kofia ngumu tunazo. Bosi anayeandika kwenye makubaliano kwamba siku moja ya mwezi mpevu haina hesabu, na kwamba siku hiyo ni ya fundi, ni nadra, na ndiye ningependa aigwe.

Basi wewe mwenye chombo, mbalamwezi ijayo usimtume kijana peke yake. Nendeni wawili, mita 60 na zaidi kutoka majini, mfungue kitovu cha nyuma na kutazama grisi. Ikiwa nyeusi, imechoka kwa kazi. Ikiwa nyeupe kama uji wa maziwa, ni maji ya ziwa, na beringi hiyo haitamaliza mwezi.